Kipi kiwemo kwenye Debian ya saiba kabla intaneti haijawaka

Ukiandaa Debian (mfumo endeshi wa Linux) moja ya kunakili kwenye mashine kumi za saiba pale Mwembe Tayari, kila mtu ana lake: weka LibreOffice, weka VLC, weka Chromium. Mimi huanzia kwingine. Intaneti ikigoma, ni programu gani huwezi kuileta? Hiyo ndiyo ya msingi. LibreOffice itakuja kwa apt, kisakinishi cha programu kupitia mtandao, hata kesho; fimuwea ya Wi-Fi (programu inayoiendesha kadi yenyewe) haitakuja, maana yenyewe ndiyo njia.

Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya kwanza kuja na fimuwea zisizo huria ndani ya kisakinishi rasmi, baada ya kura ya wasanidi wa Debian ya 2022. Ila kisakinishi huweka zile tu za kadi kilichoziona. Ukiandaa kwenye laptopu yenye kadi ya Intel kisha ukanakili kwenye ya mtumba yenye Realtek, Wi-Fi haipo. Weka `firmware-iwlwifi` na `firmware-realtek` zote mbili, uzibebe hata pasipohitajika. Ukishakwama, simu iliyochomekwa kwa USB mara nyingi hukuokoa.

Kinachosahaulika zaidi ni saa. Wapenda wepesi huanza na `debootstrap --variant=minbase`, amri inayojenga Debian ndogo kabisa, halafu kila kitu husakinisha kwa `--no-install-recommends`, yaani bila programu zinazopendekezwa tu. Hapo `systemd-timesyncd`, inayosawazisha saa kwa mtandao, inaachwa nje, kwa sababu systemd, inayoanzisha huduma za mashine, inaipendekeza tu, haiilazimishi. Sasa chukua mashine ya mtumba ambayo betri yake ya CR2032 imekufa. Stima ikipotea, saa inarudi nyuma miaka. apt itasema faili ya Release ya hazina ya programu "is not valid yet" (bado haijawa halali), brauza itakataa kila tovuti ya https, na mteja aliyekuja kujaza fomu ya eCitizen ataambiwa mtandao uko chini. Mtandao uko sawa kabisa! timesyncd ikiwemo, husahihisha saa mara tu inapofika kwenye seva ya NTP, inayotoa saa mtandaoni. Na kabla ya hapo husoma muda wa `/var/lib/systemd/timesync/clock`, kwa hiyo saa hairudi nyuma kuliko mara ya mwisho ilipoandikwa. Betri nayo ibadilishwe, lakini usiitegemee. `ca-certificates`, vyeti vya kuthibitisha tovuti za https, huachwa nje kwa njia iyo hiyo: wget, ya kupakua faili, inaipendekeza tu.

Ongeza `nano` ya kuhariri faili na `openssh-server` ya kuingia mashine kwa mbali, basi. (Wapenzi wa vi, kihariri kingine, watanung'unika, wawekewe `vim-tiny`.)

Kutoa ni kugumu kuliko kuweka. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, waliitoa lugha ya Perl kwenye msingi kuanzia toleo la 5.0, mwaka 2003, na BIND, programu ya majina ya tovuti (DNS), kwenye 10.0, mwaka 2014, nafasi yake ikachukuliwa na Unbound. Kilichomo kwenye msingi lazima kifuate mwendo wa toleo zima, nacho huzeeka huku chenzake cha nje kikisonga mbele. Kwa hiyo CUPS, mfumo wa kuchapisha, japo saiba bila printa si saiba, naiweka tabaka la pili, juu ya msingi.

Tabaka hilo lijenge kwa `equivs`, inayounda kifurushi kitupu chenye orodha ya programu za kusakinishwa: endesha `equivs-control saiba`, andika majina kwenye mstari wa Depends, kisha `equivs-build saiba`. Ukifuta jina siku moja, pandisha namba ya toleo, sakinisha upya, kisha `apt autoremove` ifagie. Haitafagia kitu kilichowahi kusakinishwa kwa mkono. Hicho kipe `apt-mark auto` kwanza, kihesabike kama kilichojileta chenyewe.

Na kuna viwili visivyotakiwa kwenye nakala kabisa. Ondoa funguo zote za `/etc/ssh/ssh_host_*`, zinazoitambulisha mashine kwa anayeingia kwa ssh, na uache `/etc/machine-id`, kitambulisho cha mashine, tupu kwa `truncate -s 0`. machine-id ikinakiliwa, mashine mbili zaweza kupewa anwani moja na ruta, zikawa zinapokonyana. machine-id hujitengeneza yenyewe mashine inapowaka. Funguo za ssh hazijitengenezi, kwa hiyo endesha `ssh-keygen -A` kwenye kila mashine.