Baiskeli mpya ya njia zote: ya lami au ya changarawe? Okota mawe kwanza

Mtu anayetaka kununua baiskeli ya njia zote huuliza jambo moja kabla ya bei: hii ni ya lami au ya changarawe? Jibu langu ni kwamba ni baiskeli ya lami iliyopewa nafasi kubwa ya tairi. Usukani ni ule uliopinda chini, breki ni za diski, fremu ni nyepesi, ila badala ya kuishia kwenye tairi lenye upana wa milimita 28 au 30 inameza la 35, na nyingine hufika 38. Baiskeli ya changarawe huanzia 40, na nyingi za siku hizi hufika 45 au 50. Kwa hiyo kwenye lami hutapungukiwa na kitu cha maana. Kwenye changarawe utafika mbali kuliko unavyodhani, halafu kuna mahali itagoma, na mahali hapo huamuliwa na mawe.

Angalia mbio mbili zinazojulikana. Strade Bianche, iliyoanza mwaka 2007 huko Toscana nchini Italia, hupita kwenye barabara nyeupe za changarawe, na wanaolipwa kwa kazi hiyo huishindania kwa baiskeli za lami zenye matairi ya milimita 28 hadi 32 hivi. Wanaweza kwa sababu barabara zile zimeshindiliwa na mawe yake ni madogo. Unbound, inayoanzia Emporia katika jimbo la Kansas, Marekani, nayo ni mbio ya changarawe, lakini vilima vya Flint Hills vimejaa gumegume, jiwe linalopasuka na kuacha makali. Huko matairi ya milimita 45 kwenda juu ni ya kawaida, kwa sababu ubavu wa tairi jembamba ukichanika, hakuna dawa ya kuziba pancha itakayookoa safari.

Basi kabla ya kusoma karatasi ya vipimo vya fremu, nenda kwenye njia unayotaka kuipita, chuchumaa, uokote mawe kumi bila kuchagua na uyapange kiganjani. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kama mengi hayazidi nusu ya upana wa tairi lako, na ardhi iliyo chini yake ni ngumu, baiskeli ya njia zote inatosha. Tairi la 35 linamudu kokoto za milimita 15 hadi 17 siku nzima. Mawe mengi yakikaribia upana wa tairi lenyewe, gurudumu la mbele litasukumwa kando kila linapokanyaga, na mikono itachoka kabla ya miguu. Kisha chomeka kidole ardhini. Kokoto legevu zikizidi kina cha sentimita 3 hivi, tairi jembamba huzama na kuanza kulima, na hapo hata ufundi wa mwendeshaji haufui dafu.

Nafasi ya tairi ipimwe kwa kalipa

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni makadirio. Tairi lilelile la 35 likifungwa kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 19 linaweza kukaa karibu na 34, na kwenye rimu ya 25 likafika 37. Tena matairi mapya hutanuka kidogo baada ya kukaa na upepo. Lifunge, lijaze, liache siku moja au mbili, ndipo upime upana wake kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, sehemu tatu tofauti za gurudumu. Baada ya hapo pima uwazi uliobaki kila upande, ukianzia kwenye mirija miwili ya chini inayotoka kwenye krenki, yaani pale mikono ya pedali inapozungukia, kwenda gurudumu la nyuma, maana hapo ndipo hubana kwanza. Malizia chini ya taji la foki, pale miguu miwili ya mbele inapoungana juu ya tairi. Kwa njia kavu sikubali chini ya milimita 4 kila upande. Kwa udongo wa mfinyanzi nataka 6.

Sababu ni tope lenye mchanga. Likikwama kati ya tairi na fremu hugeuka msasa: rangi inaondoka kwanza, kisha kama fremu ni ya kaboni nyuzi zenyewe huanza kulika, na huoni kitu mpaka uioshe. Bandika plastiki nene ya kunata ndani ya mirija hiyo tangu siku ya kwanza. Kumbuka pia kwamba spoku mbili tatu zikilegea, gurudumu huyumba milimita 1 au 2, na nafasi uliyodhani unayo imeshaliwa. Ukifunga madigadi, shuka saizi moja au mbili za tairi: fremu inayomeza 38 hubaki na nafasi ya 35 au 32.

Tairi kubwa huleta mabadiliko mengine ambayo wauzaji hawayataji. Rimu za 700 zina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Ukitoka tairi la 28 kwenda 38, baiskeli nzima inapanda juu milimita 10, mzingo wa gurudumu unakua kutoka mita 2.13 hadi 2.19, na kila gia inakuwa nzito kwa asilimia 3. Kama kifaa chako cha mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu, kiwekee namba mpya. Kwenye fremu ndogo, geuza usukani pole pole ukiwa umesimama uone kama ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Kugusa kidogo kwenye lami si neno, lakini kwenye kona ya taratibu yenye kokoto kunaangusha.

Upepo

Kama kuna jambo moja ningetamani kila mwenye baiskeli ya aina hii alitilie maanani, ni upepo. Baiskeli ileile na matairi yaleyale huwa kitu kingine ukipunguza psi 12 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo).

Chukua uzito wa jumla wa kilo 85, yaani mtu, baiskeli na maji, kwa matairi yasiyo na tyubu. Tairi la 32 kwenye lami safi lianze na psi 58 hadi 62 nyuma. La 35 kwenye lami, psi 48 hadi 52. Likiingia changarawe ngumu, 36 hadi 40. La 38 kwenye changarawe, 30 hadi 35. Mbele punguza 3 au 4, kwa kuwa mzigo mkubwa uko nyuma. Ukitumia tyubu, ongeza 4 au 5 kila mahali. Hizi ni namba za kuanzia. Kupata yako, tafuta kipande cha mita 200 chenye mawe, kipite kwa mwendo wako wa kawaida ukiwa umekaa, kisha punguza psi 2 na urudie. Siku utakaposikia mlio mkavu wa rimu ikigonga jiwe, umefika chini kabisa. Ongeza 4, uandike namba hiyo, na tumia geji ileile kila mara, kwa sababu geji mbili hazisomi sawa. Kubonyeza tairi kwa kidole hakusemi lolote.

Tairi gumu kupita kiasi kwenye changarawe linarukaruka, na kila mruko ni mshiko uliopotea na nguvu ya miguu iliyokwenda bure. Tairi lililolegea kupita kiasi huacha rimu ifike kwenye jiwe, na tyubu ikibanwa katikati hutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona mawili hivyo, usitafute mwiba: upepo ulikuwa mdogo.

Baiskeli nyingi mpya huja na rimu zisizo na ukingo wa ndani wa kulishika tairi. Kikomo chake ni bar 5, sawa na psi 72.5, na tairi lazima liwe limeandikwa kwamba linafaa kwa rimu hizo. Usizidishe hata kwa safari ya lami tupu, tairi linaweza kuchomoka rimuni ukiwa kwenye mwendo. Dawa ya kuziba pancha, mililita 50 hadi 60 kwa tairi la 35, ikaguliwe kila baada ya miezi 2 au 3. Penye joto kali hukauka mapema.

Gia

Hapa ndipo baiskeli ya njia zote inapojionyesha kuwa ya lami. Nyingi zina meno 50 na 34 mbele, na 11 hadi 34 nyuma. Gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedali kwa mmoja wa gurudumu. Kwenye lami unaweza kusimama na kupanda mlima kwa uzito wa mwili. Kwenye kokoto ukisimama unaondoa uzito gurudumu la nyuma, nalo linazunguka pale pale. Inabidi upande umekaa, na kupanda umekaa kunataka gia nyepesi zaidi.

Kwa kilo 85 kwenye mwinuko wa asilimia 10 wenye changarawe, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwa gia ya 34 kwa 34, unakwenda kilomita 7.8 kwa saa na kutumia wati zipatazo 200. Kwa 30 kwa 34, mzunguko uleule unataka wati 175 hivi. Kwenye mlima wa nusu saa tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anashuka kusukuma. Upande wa juu unapoteza kidogo tu: kwa mizunguko 90, 50 kwa 11 hukupeleka kilomita 53 kwa saa, na 46 kwa 11 hukupeleka 49.

Ningechagua 46 na 30 mbele kwa yeyote ambaye robo ya safari zake ni changarawe yenye milima. Ila ujue gharama. Krenki yenye duara la bolti la milimita 110 kwa kawaida haikubali gia ya mbele chini ya meno 33, hivyo utabadilisha krenki nzima, ushushe kibadilisha gia cha mbele, na ukate cheni pingili 2. Cha nyuma hakina tatizo: tofauti ya meno kwa jumla, 16 za mbele na 23 za nyuma, inabaki 39 kama zamani. Gia moja mbele, kama 40 na kaseti (fungu la gia za nyuma) ya 10 hadi 44, ni nzuri kwenye tope na ina kelele chache, lakini kwenye lami ukifuatana na wenzako utachoshwa na kuruka kutoka jino 11 hadi 13, kisha 15. Miguu haipati mwendo wake.

Kagua pia kama kibadilisha gia cha nyuma kina klachi, kifaa kinachoizuia cheni isilegee. Bila klachi, cheni huupiga mrija wa fremu kwenye mawimbi ya barabara, na mara nyingine huruka nje kabisa.

Umbo la fremu kwangu lina uzito mdogo kuliko haya yote. Umbali kati ya ekseli mbili wa milimita 1,000 hadi 1,025 na pembe ya mrija wa usukani ya nyuzi 72 hivi hukaa katikati: inageuka upesi kwenye lami na haiogopeshi kwenye mteremko wa kokoto. Kiti kilichofungwa kwenye mrija wa milimita 27.2 hulegeza mitikisiko kuliko mrija mnene. Pedi za breki za resini ni kimya na zinashika vizuri, lakini mvua ikichanganyika na mchanga huisha upesi ajabu. Zikibaki milimita 0.5 badilisha, na kwa njia za tope funga za chuma.

Kama mawe uliyookota yalikuwa makubwa, na zaidi ya nusu ya safari zako ni huko, nunua baiskeli ya changarawe yenye nafasi ya 45 na uivumilie kwenye lami. Kama ni mchanganyiko, seti ya pili ya magurudumu inafaa kuliko baiskeli ya pili: moja yenye 30 au 32 laini, nyingine yenye tairi pana kuliko yote ambayo fremu inakubali, lenye kashata (vinundu vya kushika ardhi) ndogo pembeni. Ekseli ziwe saizi ileile, diski kipenyo kilekile, na kaseti zote mbili ziwe zimelika kwa kiwango kimoja, vinginevyo cheni itaruka kwenye ile mpya. Diski zisipokaa mstari mmoja, pedi zitasugua kila ukibadilisha gurudumu. Weka washa nyembamba za milimita 0.2 chini ya diski ya seti moja, moja moja, mpaka usuguaji uishe bila kugusa bolti za breki.