Mahali Mercurius Aliponyamaza

Mwaka 1988, nikiwa kidato cha tano katika seminari ndogo moja mkoani Morogoro, padre aliyetufundisha Kilatini alinigawia mishororo 26 ya Ovidius, mshairi wa Kirumi, niitafsiri kwa Kiswahili na kuisoma mbele ya darasa Jumatatu iliyofuata. Nakala ya Metamorphoses ilikuwa moja tu, naye hakuitoa mikononi mwake. Aliandika ubaoni sehemu ya kila mmoja wetu, nasi tukaihamishia kwenye madaftari kwa haraka kabla ya kengele ya sala ya jioni. Haraka ile ndiyo iliyoniponza, kwa sababu alama za kunukuu alizoziweka padre mimi sikuzinakili hata moja.

Sehemu yangu ilitoka katika kitabu cha kwanza kati ya vitabu 15 vya utenzi ule. Io, binti wa Inachus, mungu wa mto, amegeuzwa mtamba na Jupiter, mfalme wa miungu, na Juno, mke wa Jupiter mwenye wivu, amemkabidhi kwa Argus, mlinzi mwenye macho 100 ambayo hulala mawili mawili kwa zamu huku yaliyobaki yakikesha. Jupiter anamtuma Mercurius, mjumbe wa miungu, amuue mlinzi huyo. Mercurius anajifanya mchunga mbuzi, anaketi kivulini pamoja na Argus, anaumaliza mchana kwa mazungumzo na kwa filimbi yake ya matete. Baadhi ya macho yanasinzia, mengine bado yako wazi, na Argus, akishindana na usingizi, anauliza filimbi hiyo ngeni ilipatikanaje. Jibu la swali hilo ndilo nililopewa: kisa cha Syrinx, mwali wa majini aliyekimbizwa na mungu Pan hadi ukingoni mwa mto Ladon, akawaomba dada zake wa mtoni wambadilishe, na Pan alipodhani amemkamata akajikuta amekumbatia matete. Alipopumua kwa uchungu, pumzi yake ikapita ndani ya matete na kutoa sauti nyembamba kama ya mtu anayelalamika. Akayaunganisha matete ya urefu mbalimbali kwa nta, na chombo kikabaki na jina la yule binti.

Nilikesha siku tatu na taa ya chemli. Mercurius alianza kusimulia vizuri, kwa maneno yake mwenyewe, lakini kuanzia mshororo wa 12 vitenzi vilibadilika ghafla vikawa vya kutaja tendo bila mtendaji: kukimbia, kuomba, kushika. Nikaamini kwamba nimekosea kunakili. Basi nikavinyoosha vyote, nikafungua alama za kunukuu mwanzoni na kuzifunga mwishoni kabisa, na Mercurius wangu akasimulia kisa kizima, hatua kwa hatua, hadi filimbi ikakamilika. Nilijivunia kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuiandika.

Jumatatu nilisoma, na darasa likatulia. Nilipomaliza, padre aliuliza kwa upole, “Pan anaposhika matete, nani anayesema?”

“Mercurius, Padre.”

Hakunijibu. Aliandika ubaoni maneno matatu, restabat verba referre, akaniambia niyatafsiri neno kwa neno. Nikasema: ilikuwa imebaki kuyasimulia maneno. Akaniuliza, kama imebaki kuyasimulia, je, yamesimuliwa? Kisha akanishusha hadi mshororo wa 25, kwenye neno dicturus, ambalo mimi nilikuwa nimeliandika “aliposema”. Neno hilo humtaja mtu aliye karibu kusema, ambaye bado hajasema. Mercurius, akiwa karibu kuyasema hayo, aliona macho yote yamefumba. Akaizuia sauti yake mara moja, na baada ya kuyapapasa macho yale kwa fimbo yake ili usingizi uzidi, akaifyeka shingo ya Argus kwa upanga uliopinda kama mundu.

Nilisimama pale na daftari langu, na kisa chote kikageuka mbele yangu. Mercurius hakukisimulia. Ovidius alimkatiza katikati ya mshororo, akaupokea mwisho na kutupa sisi wasomaji kwa muhtasari, huku msikilizaji aliyeuliza swali amekwisha lala na hatalisikia jibu lake kamwe. Warumi hawakuwa na alama za kunukuu. Mabadiliko ya msimulizi yalibebwa na umbo la kitenzi peke yake, na mimi nilikuwa nimelifuta. Padre aliongeza jambo ambalo hadi leo naliona ni kweli: mishororo mia moja na kitu kabla ya hapo, Ovidius amekwisha simulia jinsi Daphne alivyomkimbia Apollo akageuka mti. Kisa cha Syrinx kinafuata njia ile ile, mungu anayekimbiza na binti anayegeuka mmea, na mshairi alijua kwamba mlinzi aliyechoka atalala katikati ya hadithi ya namna hiyo.

Padre akaniuliza nani alinisimulia hadithi utotoni. Nikamjibu ni bibi mzaa baba, kule milimani Uluguru. Akataka kujua bibi alifanya nini tulipopitiwa na usingizi kabla hajamaliza. Nikakumbuka kwamba alinyamaza palepale, hata kama sungura alikuwa amebanwa mlangoni na fisi, na asubuhi tulipomfuata uani akifagia, alitupa kilichobaki bila nyimbo wala sauti za wanyama: “Nilikuwa sijawaeleza jinsi sungura alivyotoroka, na jinsi fisi alivyorudi mikono mitupu.”

“Basi,” alisema padre, “iandike kama bibi yako alivyosema asubuhi.”

Nilikaa, nikafuta kwa kifutio kurasa mbili. Kiswahili kilikuwa na chombo nilichokuwa nakitafuta siku tatu, na chombo chenyewe kilikuwa neno dogo, jinsi. Jioni ile nilisoma tena: “‘Pan akamwona, akamwambia maneno haya’ — ilikuwa imebaki kuyasimulia maneno hayo, na jinsi mwali alivyoyadharau maombi akakimbilia nyika isiyo na njia, na jinsi alivyofika kwenye maji ya Ladon yakamzuia, na jinsi Pan alivyoshika matete.” Sauti yangu ilishuka yenyewe nilipovuka kile kistari, na mwenzangu wa dawati la mbele akageuka kunitazama, akauliza kwa mnong'ono kama Argus amekwisha lala.