Jinsi nilivyowaokoa askari wa kaka

Kaka alifariki mwaka 2019. Miezi michache baada ya arubaini, shemeji yangu alinipigia simu: "Shemeji, lile kabati lenu la askari wa kuchezea bado liko darini. Njoo ulichukue, mie sitaki watoto walitupe." Nilikwenda siku ile ile.

Ni kabati dogo la mti wa mwaloni, lina droo tatu. Nilivuta ya juu nikitarajia kuona nyekundu na buluu. Nikaona weupe mtupu, kama mtu amewanyunyizia unga wa muhogo. Miguu ya farasi ilikuwa imeota ukoko, na mmoja nilipomgusa mkono wake ulianguka. Nilikaa pale darini, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika.

Tulifika Portsmouth mwaka 1971 kutoka Unguja. Tayari kulikuwa na familia kadhaa za Kizanzibari pale, watu waliohama baada ya 1964. Mimi nilikuwa na miaka saba, kaka kumi. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubabaisha, baridi inauma, na wenzetu shuleni walikuwa na marafiki zao wa tangu utotoni. Siku moja kaka alirudi kutoka duka la Woolworths na kisanduku cha Airfix. Ndani mlikuwa na askari wa plastiki laini, hawafiki hata sentimita 2.5, bado wameshikana kwenye vijiti vyao. Tuliwakata kwa mkasi wa kucha.

Wakawa majeshi ya Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon. Blanketi la kijani juu ya vitabu ndiyo vilima, na futi ya mama ya kushonea ndiyo iliyoamua nani amefika wapi. Kaka aliazima maktaba kitabu cha Donald Featherstone, kile cha 1962 kiitwacho War Games, akakiazima tena na tena. Humo tulijifunza kurusha dadu na kuhesabu waliokufa, na kwamba watu wazima wenye kazi zao wanacheza mchezo huu bila kuona haya. Featherstone mwenyewe alikuwa tabibu wa viungo, akiishi Southampton, safari fupi tu ya treni kutoka kwetu. Kwetu sisi ilikuwa kama kusikia shehe mkubwa anakaa mtaa wa pili.

Southampton hiyo hiyo ndiko walikotoka Minifigs, askari wa madini. Hawa walinunuliwa mmoja mmoja, kwa senti za kubana. Ukimshika kiganjani unahisi uzito, unahisi ana roho. Mama alipotusikia tukisema tumenunua "askari wa risasi" alishtuka, akatuita jikoni tueleze risasi hizo zimetoka wapi. Kaka alimwekea mmoja mkononi. Mama alimgeuzageuza, akasema, "Kumbe ni risasi ya kuzamishia nyavu," akaturudishia.

Sasa hao ndio waliokuwa wakigeuka unga.

Kwanza nilidhani ni ukungu wa kawaida. Karibu niwatie kwenye siki, maana ndivyo tunavyong'arisha shaba nyumbani. Namshukuru Mungu nilisoma kwanza. Ule unga ni madini yenyewe yanayoliwa. Mti wa mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na ndani ya droo iliyofungwa mvuke huo hauna pa kwenda, unaila risasi taratibu hadi inakuwa chumvi nyeupe. Makaratasi ya boksi nayo hufanya vivyo hivyo, ila polepole zaidi. Kaka aliwapa kabati zuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kabati ndilo lililowaumiza.

Ule unga ni sumu, kwa hiyo niliutoa nje, uwanjani, nimevaa barakoa na glavu, na kila kitu nikakifanya kikiwa kimelowa ili vumbi lisiruke. Mswaki laini, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kijiti cha meno kwenye mikunjo. Kisha nikawakausha kabisa, siku mbili dirishani, ndipo nikawapaka vanishi nyembamba pande zote, hata chini ya kitako, pale ambapo watu husahau. Kati ya 214, wale 19 hawakuwa na la kuokoa. Waliobaki sasa wanakaa kwenye masanduku ya bati. Kabati nimelibakiza, ndani yake mna nyuzi na vifungo.

Wale wa Airfix ni habari nyingine. Plastiki ile ikizeeka hukauka na kukatika kama kijiti cha mwashoki. Wengi walivunjika kwenye vifundo vya miguu nilipowanyanyua tu. Sijapata dawa yake.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye rangi. Nilitaka wawe wapya. Nikawachukua askari wa miguu wa Kifaransa kumi na wawili, nikawalaza usiku kucha kwenye Dettol isiyochanganywa na maji, ambayo kweli hulegeza rangi za zamani. Asubuhi nikawasuuza bombani. Msifanye hivyo! Dettol ikikutana na maji hapo, ile rangi iliyolegea inakuwa ulimbo, inaganda kwenye kila kifungo na kila kidole. Dawa yake ni kuwasugua wakiwa bado ndani ya Dettol safi, na maji yaje mwisho kabisa. Ilinichukua wiki nzima kuwatoa.

Wa kumi na tatu alikuwa mpanda farasi mwenye dirii. Nilimgeuza kabla ya kumtumbukiza. Chini ya kitako, kwa kalamu nyembamba, mlikuwa na herufi ya kwanza ya jina la kaka na 8/75, yaani Agosti 1975. Nikamleta karibu na taa. Kwenye tako la farasi, ndani ya vanishi ya Humbrol iliyogeuka manjano, mlikuwa na alama ya kidole. Mistari yote inaonekana, midogo, ya mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshindwa kusubiri ikauke.

Nilifunika kopo la Dettol. Tangu hapo sijaondoa rangi ya mtu yeyote. Natoboa tundu kwa keekee ya mkono, natia waya mwembamba na tone la supaglu, mkono unarudi mahali pake. Pale rangi ilipobanduka naacha pabanduke. Kope za kijani alizowapaka wapiga ngoma, kwa sababu rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, zipo vilevile.

Wale kumi na wawili walibaki vijivu kwenye sahani kwa muda mrefu. Mwaka jana binti yake kaka alikuja na mswaki mdogo wa rangi akaniuliza, "Ami, hawa ni wa nani?" Nikamwambia ni wake. Ameshamaliza saba. Nami bado nina farasi wawili wasio na miguu, na waya wa shaba nimeshanunua.