Nilivyowashinda kunguru katika taka za nyumbani

Karibu kila niliyemuuliza nifanyeje na taka za nyumba yangu hapa Jambiani alinijibu kwamba nichimbe shimo, nimimine, kisha nichome, na ami yangu mmoja akafika hadi kuniletea mtaimbo. Ardhi yetu ni ya maweni: ukiondoa udongo kidogo unakutana na jiwe, na jiwe lenyewe lina nyufa zinazopitisha maji machafu hadi visimani. Moshi wa plastiki nao una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni yule aliyeuwasha. Nilimrudishia ami mtaimbo wake kwa heshima zote.

Kutenganisha hakuna ugumu: zinazooza ndani ya ndoo, kavu ndani ya polo. Chupa za plastiki na makopo huchukuliwa na vijana wanaonunua kwa kilo, kwa fedha ndogo isiyostahili kutajwa. Betri za tochi hukaa kwenye kopo lenye kifuniko, mbali kabisa na mboji.

Vita vilikuwa katika matumbo ya samaki, machicha ya nazi na maganda ya muhogo, ambavyo nilianza kuviozesha ndani ya pakacha kubwa uani. Kunguru hawa wa mjini na wa pwani si wenyeji wa Unguja. Waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka, na wangali kazini. Walichambua pakacha ukuti kwa ukuti, wakatandaza yaliyomo hadi mlangoni kwa jirani. Shemegi akanishauri nisimamishe sanamu iliyovishwa kanzu kuukuu. Kabla ya adhuhuri kunguru mmoja alikuwa ameketi juu ya kofia ya sanamu ile, akila utumbo wa changu kwa utulivu wa mgeni aliyealikwa karamuni.

Dawa niliipata kwa wavuvi, nayo ni kipande cha wavu chakavu, ambacho nilipewa bure. Nilinunua pipa kuukuu kwa bei ya maelewano, nikalitoboa chini na ubavuni, nikalipandisha juu ya mawe, kisha nikaufunika mdomo wake kwa wavu uliolegezwa makusudi, kwa sababu kunguru hapendi kukanyaga kitu kinachomnasa vidole. Mmoja alijaribu, akapiga kelele za kuita ukoo mzima, na tangu hapo wanaliangalia pipa wakiwa juu ya mnazi. Wavu pekee usingetosha, kwa kuwa harufu ndiyo inayowaita: kila ndoo ya taka mbichi naifunika kwa ndoo mbili za majani makavu ya mkungu na makumbi yaliyokatwakatwa, na matumbo ya samaki nayazika katikati, kamwe si juu. Mboji ikinuka, ongeza makavu na uigeuze. Ikikauka, inyunyizie maji.

Baada ya miezi michache hupatikana udongo mweusi usio na harufu, na juu ya maweni haya yasiyo na rutuba sasa ninavuna mchicha na bilingani. Ami ameshaomba polo mbili.