Mvinje Mmoja, Mapambo ya Kila Nyumba

Shindano letu la kirafiki la mwisho wa mwaka limefungwa jana usiku, nami nimeona niandike leo, picha zote zikiwa bado mbele yangu, kabla pilikapilika za sikukuu hazijanizidi. Kila mshiriki alipewa picha ileile ya mvinje mchanga usio na pambo lolote, uliosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga katika sebule moja ya Kigamboni, akatakiwa aupambe kwa programu yoyote ya kuhariri picha anayoimudu, iwe ya simu au ya kompyuta. Mapambo yalipaswa kuwa vitu ambavyo mshiriki amevipiga picha yeye mwenyewe. Kuokota picha mtandaoni hakukuruhusiwa, wala kuiagiza akili mnemba ilete mti uliokwisha kupambwa, kwa kuwa tulitaka kila mmoja aketi na mti ule, autazame tawi kwa tawi, na aamue kwa jicho lake nini kining'inie wapi. Zawadi haikuwapo, na sidhani kama kuna aliyeiulizia.

Tuliuchagua mvinje kwa sababu ndio mti ambao wengi wetu wa Pwani tuliukuta sebuleni kila Desemba, kama vile waliokulia Lushoto au Njombe walivyozoea matawi ya msonobari. Ni mti mgumu kwa mhariri wa picha. Kile tunachokiita majani yake ni vijiti vyembamba vya kijani vilivyoungana pingili kwa pingili, na majani halisi ni vimagamba vidogo mno vinavyoizunguka kila pingili, hata mpaka kati ya mti na ukuta ulio nyuma yake hauwezi kukatwa kwa mstari mmoja. Pambo likibandikwa juu ya mti huo bila kijiti hata kimoja kupita mbele yake, jicho hulikataa papo hapo, ijapokuwa mtazamaji hawezi kueleza kasoro iko wapi. Walioutendea haki walitengeneza maski, yaani tabaka la kuficha, wakakuza picha hadi vijiti vikaonekana kimoja kimoja, kisha wakafuta sehemu ya pambo palepale kijiti kinapopita, kwa brashi nyembamba na subira nyingi.

Hata hivyo, baada ya kuzipitia picha zote kwa utulivu, nimeshawishika kwamba kazi nzuri zilitofautiana na nyingine kwa jambo moja kubwa kuliko hilo la ukataji, nalo ni utii kwa mwanga wa picha ya awali. Mvinje wetu ulipigwa picha saa kumi na moja jioni, pazia la upande wa kushoto likiwa wazi, na jua la manjano likiingia kwa mshazari. Kwa hiyo kila kitu kilichoongezwa kilipaswa kung'aa upande wa kushoto na kuweka kivuli upande wa kulia. Mshiriki mmoja alipachika mpira mwekundu unaong'aa alioupiga picha jikoni kwake, chini ya taa ndefu ya darini. Mpira wa namna hiyo ni kioo kilichobinuka, hubeba taswira ya chumba kizima, na ule mstari mrefu mweupe uliokuwa juu ya wekundu wake ulitangaza jiko ndani ya sebule isiyo na taa kama hiyo. Alipoonyeshwa, hakubishana. Aliutundika mpira uleule kwa uzi karibu na dirisha lake jioni iliyofuata, dirisha likiwa kushoto, akaupiga picha upya, na safari hii kulikuwa na kipande kidogo cha mwanga wa mraba juu ya mpira, mahali hasa ambapo dirisha la Kigamboni lingekionyesha. Nimeitazama picha hiyo ya pili mara nyingi, na kila mara hunifurahisha.

Kwa taa za kumetameta, njia iliyotumiwa na wengi ni ile ambayo ningemfundisha yeyote anayeanza. Mtu huzipiga picha taa zake usiku katika chumba chenye giza, huiweka picha hiyo kuwa tabaka la juu ya mti, kisha huchagua namna ya kuchanganya matabaka inayoitwa Skrini, ambayo huongeza mwangaza tu na kuacha palipo peusi bila badiliko lolote, hivyo giza lote hutoweka na balbu hubaki zimekaa kwenye matawi. Hapo wengine huishia. Aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wote aliendelea mbele: aliongeza tabaka jingine jembamba la rangi ya chungwa kwenye vijiti vilivyo jirani na kila balbu, akilififisha kwa haraka kadiri alivyosogea mbali, maana mwanga wa balbu ndogo hupungua hadi robo pale umbali unapokuwa maradufu.

Palizuka mjadala mmoja uliostahili. Picha ya dada mmoja ilikuwa na vipande vyeupe juu ya matawi, na rafiki yetu akamwandikia, "Dada, Dar na theluji wapi na wapi?" Akajibiwa kwa upole, "Kaka, kuza picha uangalie. Hiyo ni pamba ya duka la dawa, mama yangu huiweka kila mwaka." Nami nilikuza. Nyuzi zilionekana, zimejinyoosha kutoka kijiti hadi kijiti, na mahali pamoja pamba ilikuwa imevutwa hadi ikawa nyepesi kiasi cha kuonyesha kijani kilicho chini yake. Msimamo wangu ni kwamba pamba hiyo ilikuwa pambo la kweli kuliko theluji yoyote ya brashi, kwani katika nyumba nyingi za kwetu pamba, maputo, karatasi za kung'aa na kadi za Krismasi zilizopangwa kwenye uzi ndivyo vilivyoupamba mti, na kuvirudisha kwenye picha kunahitaji kumbukumbu iliyo makini.

Mjadala huo ulinikumbusha kisa cha zamani sana cha kuhariri picha ya mti wa Krismasi. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti uliopambwa katika kasri la Windsor. Mwaka 1850 jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia, Marekani, liliuchapisha mchoro huo baada ya kuondoa taji dogo la malkia na masharubu ya Albert, ili waonekane kuwa familia ya kawaida ya Kimarekani. Mti wenyewe haukuguswa. Mchoro huo ulisaidia sana kuingiza desturi ya mti wa Krismasi katika nyumba za Wamarekani, na naelewa kwa nini wahariri walitaka wasomaji wao waione sebule hiyo kuwa yao. Kinachonisumbua ni kwamba msomaji hakupewa nafasi ya kuiona ile ya kwanza. Ndiyo maana nilishikilia kwamba kila kazi yetu iwekwe sambamba na mvinje mtupu, na nafurahi kuwa wenzangu walikubali, kwa sababu ubunifu wa mtu huonekana zaidi pale mtazamaji anapojua alianzia wapi.

Kwa mwaka ujao tumekwisha kukubaliana kwamba tutaupamba mkrismasi, ule mti mkubwa wenye asili ya Madagaska ambao huchanua maua mekundu kando ya barabara zetu kila mwisho wa mwaka. Utatudai fikra mpya, kwani mipira myekundu itapotea kabisa kwenye maua, na mti unaosimama nje hauna dirisha la kutuongoza. Picha ya msingi itapigwa mwezi Novemba, nami nimeomba ipigwe siku ya mawingu, vivuli vikiwa laini, ili kila mshiriki awe na uhuru wa kuamua taa zake ziangaze kutoka wapi.