Miaka 4,000 ndani ya shimo la choo

Jumamosi ile tulikuwa walimu saba tumezunguka shimo la choo. Lilikuwa jipya, halijatumika, kina chake mita nne hivi, kwenye kiwanja cha mzee mmoja nje kidogo ya Tukuyu, upande wa kwenda Mbeya. Mzee alilichimba kwa ajili ya nyumba ya kijana wake anayetarajia kuoa. Tangu katikati ya wiki tulimwomba asiweke magogo ya juu kwanza, tushuke na futi ya kupimia. Akakubali, na tulipofika tukakuta ameshatuwekea ngazi.

Kabla sijasema tulikuta nini mle chini, ngoja nirudi nyuma, maana safari ile ilianzia darasani kwangu, kwenye swali nililolikwepa.

Nafundisha Jiografia sekondari. Mwaka juzi, kidato cha tatu, tukiwa kwenye mada ya miamba, binti mmoja alitoa jiwe kwenye mfuko wa sweta. Lilikuwa la kijivu kinachokaribia njano, limejaa vitundu kama mkate. Akasema, "Madam, haya kwetu yapo tele. Nimelitia kwenye ndoo likaelea. Jiwe gani hili linaelea?" Darasa zima likainua vichwa. Jina lake la Kiingereza, pumice, nilikuwa nalo, na ile sentensi moja ya kuandika kwenye mtihani nilikuwa nayo pia. Lakini limefikaje uani kwao? Limetoka mlima gani? Mbona jirani yao naye akichimba analikuta kwenye kina kilekile? Hapo nilikuwa mtupu. Nikamwambia aliweke, tutalifikia huko mbele. Hatukulifikia.

Jioni yake, naoga, nikashika jiwe la kusugulia miguu, lile nililonunua sokoni kwa mama anayeuza na madodoki. Nikaligeuza mara mbili, tatu. Ni lilelile. Miaka yote nimelisugulia visigino bila kujua nimeshika mlima.

Nililibeba jambo hilo moyoni hadi tulipokutana kusahihisha mock. Kwenye usahihishaji walimu wa somo moja kutoka shule mbalimbali mnakaa meza moja siku nzima, na mchana wa siku ya pili watu huanza kuongea ya kweli. Nikawauliza wenzangu wanafundishaje volkano. Pakawa kimya. Kisha kaka mmoja wa shule ya kata akasema yeye huchora mlima ubaoni, anaweka mishale, anataja majina, basi. Hajawahi kushika bazalti, ule mwamba mweusi wa volkano, huku anajua kwamba ni bazalti. Mwingine akasema hajawahi kupanda hata mlima Ngozi, na amezaliwa Isongole, jirani yake. Nilijisikia nimetua mzigo. Hatukuwa wavivu. Tulisoma vyuoni kwa maandishi, tukafaulu kwa maandishi, tukaajiriwa tukafundishe kwa maandishi, ilhali tumekaa juu ya mahali ambapo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Volkano ya Rungwe yenyewe imesimama hapo kwenye makutano.

Kwa hiyo tukaanza. Siku hizi kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na jumuiya za kujifunza mashuleni, na nashukuru kwamba zipo, lakini shuleni kwangu walimu wa Jiografia tuko wawili. Wawili mkikaa mnamalizana haraka. Tulihitaji wa shule jirani. Tukakubaliana Jumamosi moja kila mwezi, nauli kila mtu yake, na chakula tunachangishana. Sharti letu ni moja tu: ukiwa hujui, sema hujui, na hakuna atakayekwenda kukusimulia shuleni kwako. Tulimkaribisha na mwalimu wa Kemia, mama mtu mzima, kwa sababu ndiye mwenye sumaku nzuri na ndiye asiyekubali jibu la haraka.

Kuna kiongozi mmoja wa elimu alituuliza tunakwenda kwa posho ya nani. Tulipomwambia hakuna posho, akasema basi hayo ni matembezi. Neno lile liliniuma, na bado linaniuma. Daktari akikaa Jumamosi nzima na wenzake kujifunza ugonjwa unaosumbua kijijini kwao, hakuna atakayesema anatembea.

Sasa turudi shimoni. Nilishuka wa pili. Ukutani, kuanzia juu, kulikuwa na udongo mweusi wa shamba, mwororo, wenye mizizi ya migomba. Chini yake udongo wa kahawia. Halafu, kwa ghafla kabisa kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula, ukaanza mkanda mweupe wenye unjano, wote mawe ya kusugulia miguu, mengine makubwa kama yai la kuku, mengine kama punje ya mahindi, yamekaa makavu bila udongo katikati. Tulipima: sentimeta 34. Ukiyagusa yanamwagika. Na chini ya mkanda ule, mstari mweusi tena, mwembamba.

Ule mstari mweusi wa chini ndio ulionishika. Mwenzangu aliyekuwa ameshuka kwanza aliniambia niweke kiganja pale. "Hii ndiyo iliyokuwa juu," akasema. Ilinichukua muda kumwelewa. Ule ulikuwa uso wa ardhi siku Rungwe ilipolipuka, takriban miaka 4,000 iliyopita kwa kadiri watafiti walivyoupima umri wake. Mvua ilikuwa inanyesha pale, majani yalikuwa yanaota pale. Kisha mlima ukarusha povu. Nasema povu kwa makusudi: maziwa yakichemka yakafurika sufuriani, lile povu, hebu lifikirie likigandia hewani kabla halijaanguka. Mwamba ulioyeyuka ulikuwa na gesi nyingi ndani. Ulipofika juu na kupata nafasi, gesi ikapanuka, mwamba ukatutumka, ukavunjikavunjika na kupoa ukiwa umejaa matundu. Matundu yale yana hewa. Ndiyo maana jiwe la yule binti lilielea.

Mzee mwenye shimo alikuwa amechuchumaa ukingoni anatusikiliza. Akasema, "Wanangu, sisi tukichimba tukifika kwenye nyeupe tunafurahi, jembe halipati taabu. Ila hapo ndipo kuta zinapoanguka, kwa hiyo unasukia miti. Na maji hayakai, nyeupe inayanywa yote." Mwalimu wa Kemia akaandika maneno yake neno kwa neno. Mimi nimeyafanya kuwa sehemu ya somo la udongo na maji ya ardhini, kwa sababu hata kitabu hakinielezi vizuri kiasi kile jinsi tabaka lenye matundu linavyopitisha maji. Tulipoondoka tulimwambia *ndaga fijo*, asante sana kwa Kinyakyusa, naye akatupa mkungu wa ndizi.

Tangu siku hiyo kila mmoja alipewa kazi ya kutafuta shimo, ngema au mkato wa barabara karibu na shule yake, apime unene wa mkanda ule na ukubwa wa vipande vyake. Tunaviweka kwenye ramani moja ya manila. Tabaka la majivu na mawe ya volkano, kwa kawaida, huwa nene na lenye punje kubwa karibu na mlima uliolitoa, likapungua kadiri unavyokwenda mbali. Mwanafunzi akiona namba zinapanda kadiri anavyoukaribia mlima, hana haja ya kuambiwa mlima ni upi.

Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili juu ya mto Kiwira, tulikwenda mwezi uliofuata. Wengi wanalijua kwa picha za harusi. Tulikaa saa mbili chini yake, pembeni mwa Kiwira, tukibishana. Maelezo ya kawaida ni kwamba lava ilishuka bondeni ikaganda juu ya mkondo wa mto, maji yakatafuta njia chini yake na kuendelea kuipanua hadi leo. Mama wa Kemia hakuridhika hadi aone. Akatutuma tutazame mwamba wa kingo zote mbili kama ni uleule wa darajani, tutazame mahali maji yanaposugua sasa hivi. Kisha akafunga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, akaipitisha kwenye mchanga wa mto. Ikatoka na ndevu nyeusi: chembe za madini yenye chuma kutoka kwenye miamba ya volkano iliyosagika. Siku ile nilimwona mwalimu mwenzangu wa miaka zaidi ya ishirini kazini akicheka kwa furaha kama mtoto, anairudia na kuirudia. Kijungu, ambako mto uleule umechonga chungu kwenye mwamba kwa kuzungusha mawe, tulipita haraka kwa sababu ya mvua.

Ngozi tuliipanda kwenye ukungu. Hatukuliona ziwa hadi saa saba, likafunuka kwa dakika kumi, kijani, limekaa kwenye shimo kubwa lililobaki baada ya mlima kudidimia. Nafasi ile tukiisubiri juu ukingoni, tumekunywa chai ya chupa, mazungumzo yakaangukia matetemeko. Nikawasimulia Desemba 2009, mimi niko nyumbani Kyela, ardhi inatikisika kwa siku kadhaa, mama anatutoa nje na mikeka. Kitovu kilikuwa ng'ambo, Karonga, Malawi, na lile kubwa la tarehe 20 lilifikia kipimo cha 6.0. Mwenzetu anayetoka Sumbawanga akasema kwao wazee wana habari za tetemeko la zamani sana. Tulijua analisema la Rukwa la 1910, la kipimo cha takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Hapo nikaona kitu ambacho sikukipanga: kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha Bonde la Ufa kwenye maisha yake, na hakuna aliyewahi kukipeleka darasani.

Jambo la lugha nalo nisiliruke. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Shimoni hakuna aliyeongea Kiingereza. Tulisema mkanda, ngema, povu, nyeupe inayanywa. Tukielewana ndipo tunarudi kwenye istilahi za mtihani, na zinaingia kwa urahisi kwa sababu zina kitu cha kushikilia. Siku hizi darasani nafuata mpangilio uleule. Ndoo kwanza.

Wiki iliyopita nilifika kwenye mada ileile. Niliweka ndoo ya maji mezani, nikatumbukiza jiwe la kusugulia miguu, nikarudi nyuma, nikanyamaza. Walivyobishana! Kesho yake asubuhi kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono, alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya walimu na kamba ya katani. Ina mafundo manne. Aliiteremsha kwenye shimo la takataka nyumbani kwao akafunga fundo pale mkanda unapoanza na pale unapoisha. Lakini hayakuwa mafundo mawili, yalikuwa manne, kwa sababu kwao, anasema, mikanda ni miwili, na ule wa juu ni mwembamba na punje zake ni ndogo kama mchele.

Nimewapigia wenzangu simu. Jumamosi hii tunakwenda kwao. Ngazi tunabeba wenyewe.