Siku moja Genova, kati ya zamu mbili

Saa kumi na moja u nusu alfajiri naamka. Kebini yetu wafanyakazi wa meli ya watalii iko chini kabisa, haina dirisha, na mwenzangu wa kitanda cha juu amerudi kazini usiku wa manane, kwa hivyo navaa gizani nisimsumbue. Chai ya rangi, mkate, yai moja. Saa kumi na mbili u nusu niko ushorobani na toroli langu la shuka, foronya na taulo. Nina vyumba 16.

Kufika bandarini mimi huhisi kwa miguu. Kiasi saa moja u nusu sakafu huanza kutetemeka, zile mashine za ubavuni zikiisukuma meli gatini. Naingia chumba chenye roshani, wageni wake wako kwenye staftahi, nafungua pazia: mji umepanda mlima, nyumba za waridi na manjano zimebebana mabegani hadi juu. Genova, Italia. Meli yetu hupita hapa kila wiki, na leo ni mara yangu ya 11.

Naipenda kuliko bandari zote za njia yetu kwa sababu moja kubwa: gati lake, Ponte dei Mille, liko mjini. Tukitia nanga Civitavecchia, Roma iko mbali, karibu saa nzima au zaidi kwa treni. Livorno nako, Firenze haiko karibu. Baharia mwenye saa tatu za mapumziko hubaki kuzunguka maduka ya bandarini. Genova unashuka daraja, unatembea dakika kumi, uko ndani ya mji wa kale.

Saa nne. Wazee wawili wa chumba cha tatu, mume na mke, wananiuliza waende wapi. Nawaambia wasianze na akwariamu, ile nyumba ya kutazamia samaki. Ni nzuri, ilifunguliwa 1992, mji ulipoadhimisha miaka 500 ya safari ya Christopher Columbus, mwana wa Genova, lakini foleni yake huweza kuimaliza asubuhi. "Ingieni vichochoroni," nasema, "na kila hatua chache msimame mtazame juu."

Saa sita u nusu namaliza chumba cha mwisho. Nabadili nguo, naswali adhuhuri, nashuka. Saa kumi kamili lazima niwe nimerudi. Meli yang'oa nanga saa kumi na moja.

Naanzia Commenda di Prè, nyumba ya mawe iliyojengwa 1180 kuwapokea mahujaji waliokuwa wakingoja jahazi za kwenda Yerusalemu. Yaani zaidi ya miaka 800 watu wanateremka hapa na mizigo yao, wageni wa siku mbili tatu, kama mimi. Kisha Via Prè. Hapa moyo wangu hutua. Ndizi za kupika, viazi vikuu, samaki wakavu, nywele za kusukia. Wasenegali mlangoni mwa maduka, watu wa Ekwado, mabibi wazee wa Kiitaliano na vikapu vyao. Vichochoro hivi Wagenova huviita "caruggi". Nyumba zina ghorofa sita, saba, na kwingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mimi ni wa Kibokoni, Mombasa. Nimekulia kwenye njia ambazo jua la mchana haliwezi kushuka hadi chini, ambazo jirani huzungumza na jirani dirisha kwa dirisha, na nguo zaanikwa juu ya vichwa vya wapitao. Mara ya kwanza nilipopita hapa nilimtumia mama picha bila maneno. Akajibu, "Mwanangu, umerudi lini?"

Kwenye pembe za kuta kuna vijumba vya sanamu ya Bikira Maria, vimewekwa juu kiasi kwamba mwenye haraka hawezi kuviona. Ndiyo maana nasema watu watazame juu.

Naupita mlango wa Porta dei Vacca, kipande cha ukuta wa karne ya 12, naingia Sottoripa, baraza ndefu ya matao iliyokuwa ikitazamana na maji. Chakula changu ni farinata: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, umemiminwa kwenye sinia pana la shaba na kuokwa kwa moto wa kuni hadi juu kukauke na ndani kubaki laini. Haina nyama, kwa hivyo sina la kuuliza. Unga ni ule ule wa bajia zetu. Nala nimesimama, pilipili manga nyingi.

Mbele kidogo ni Palazzo San Giorgio, jumba la 1260, ambamo leo zimo ofisi za mamlaka ya bandari. Inasimuliwa kwamba Marco Polo, msafiri wa Venisi, alifungwa humo baada ya kutekwa na Wagenova, akawa anamsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, safari zake. Katika kitabu kilichotoka kwenye masimulizi hayo imo Zanzibar, ingawa mwenyewe hakufika. Nasimama pale kila wiki nikiwaza jina la kwetu likitamkwa katika mji huu zama hizo, na mabaharia ndio walioleta habari.

Kanisa kuu la San Lorenzo napita upesi, kutazama kombora moja. Tarehe 9 Februari 1941 manowari za Waingereza ziliupiga mji. Kombora hili lilipenya ndani ya kanisa na halikulipuka. Limesimama hapo upande wa kulia, kimo cha mtoto.

Saa nane u nusu. Leo nimeazimia nisilolifanya mara kumi zilizopita: lifti ya Castelletto, inayopanda ndani ya mlima tangu 1909. Naingia Piazza Portello, napita njia ya chini ya ardhi, napanda. Juu upepo unanipiga usoni. Mapaa ya mawe ya kijivu, minara, kreni za bandari, na kule ng'ambo meli yetu, nyeupe. Nahesabu sitaha kutoka juu kushuka hadi ilipo kazi yangu, kisha chini zaidi, pale nyeupe inapoishia majini. Humo ndimo ninamolala. Wiki zote hizi naishi humo na sikuwahi kuiona yote kwa pamoja. Nakaa juu ya benchi robo saa nzima, bila kupiga picha.

Kurudi ni kuteremka tu. Saa kumi kasoro dakika tisa kadi yangu yalia mlangoni.

Saa kumi na moja u nusu niko chumba cha tatu, nakunja shuka za jioni. Yule bibi aniita roshani. Meli imeshaondoka, na mnara mrefu wa mawe wapita taratibu mbele yetu.

"Huu ni nini?"

"Lanterna," namwambia. "Mnara wa taa. Mita 77, umesimama hivi tangu 1543."

"Taa haijawashwa."

"Bado ni mchana, bibi."

Ananionyesha kipande cha farinata walichonunua, kimefungwa kwa karatasi iliyolowa mafuta. Nusu amenibakishia.